Mbio Zikikukataa

Anayerudi kutoka kwenye shindano baya la traiathloni huuliza swali moja, na huliuliza akitaja mahali. Miguu iliniishia kilomita ya saba ya kukimbia, karibu na meza ya maji, mbona pale? Anapakumbuka vizuri mno: kivuli alichosimama chini yake, kijana aliyemmwagia maji kichwani, migongo ya waliompita. Ninalomwambia kila mara ni kwamba kilomita ya saba haina hatia. Miguu iliyoisha pale ilianza kuisha mapema zaidi: majini, katika mita mia mbili za kwanza alizoziogelea kwa pupa, au kwenye baiskeli, alipokataa kupitwa mlimani, au siku mbili kabla, ndani ya basi la usiku. Mbio hukuuma mahali pamoja baada ya kuharibika mahali pengine, na kazi ya wiki zinazofuata ni kupatafuta pale zilipoharibikia.

Nawaandikia hasa wanaofanyia mazoezi kwenye ufuo wetu wa Ziwa Viktoria, kuanzia Dunga na Asembo Bay hadi Mbita, na zaidi ya wote wale wa Luanda Kotieno. Sijui mahali pengi Kenya panapoufaa mchezo huu kama pale. Lami inayotoka Ndori inakufikisha kwenye gati la feri ya Mbita, maji yako hatua chache kutoka barabarani, na njia za udongo za kukimbilia zinapita katikati ya vijiji. Mtu hutoka majini akavaa viatu na kupanda baiskeli papo hapo. Lakini ziwa hili lina taratibu zake, na joto la ikweta lina zake. Programu za mazoezi zinazopakuliwa kutoka nchi za baridi hazizijui taratibu hizo, na wengi wanaoangushwa na mbio wameangushwa na programu ya aina hiyo.

Kwa asiyeujua mchezo: traiathloni ya kawaida, ambayo imekuwa ikishindaniwa kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita 1.5, kuendesha baiskeli kilomita 40, kisha kukimbia kilomita 10, bila saa kusimamishwa katikati. Ile fupi ni nusu ya hiyo. Ile ndefu iitwayo Ironman 70.3, ambayo ilifika Rubavu nchini Rwanda mwaka 2022 kando ya Ziwa Kivu, ni kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na kukimbia kilomita 21.1. Mwanariadha wa ridhaa mwenye kazi na familia hukaa kwenye ile ya kawaida saa mbili na nusu, tatu, hata tatu na nusu. Kwa muda wote huo anatumia akiba moja ya nguvu, maji na chumvi. Alichokitapanya majini hatakipata kilomita ya saba.

Kabla ya kuchunguza lolote, uangalie mwili. Saa ishirini na nne za kwanza ni za afya, na majuto yangoje. Mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, huku misuli ikiuma na kuvimba kuliko kawaida, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli iliyovunjikavunjika humwaga kwenye damu vitu vinavyoweza kuharibu figo, na jambo hilo halitibiwi kwa kulala. Mwenzako akiwa na joto kali na anaongea ovyo au hajui alipo, mpoze kwanza kwa maji mengi mwili mzima pale pale alipo, huku gari likitafutwa. Kumkimbiza kwa boda boda akiwa bado anachemka ni kupoteza dakika zinazookoa ubongo.

Kuhusu kunywa, watu hukosea pande zote mbili. Wengine hawanywi, wengine hunywa maji matupu lita baada ya lita hadi chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, wanatapika na vidole vinavimba. Anayevimba vidole na kutapika baada ya kunywa sana asiongezewe maji. Apelekwe kwa daktari. Kwa aliyekaukiwa tu, mchanganyiko wa zamani wa zahanati bado unafaa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kisha ale: ugali, samaki, ndizi, maziwa lala, chochote ambacho tumbo lake limekizoea.

Na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zimekuwa sehemu ya mfuko wa mwanariadha wa ridhaa, kwa kuwa zinauzwa kila duka la dawa na ni bei nafuu. Wengine huzimeza asubuhi ya shindano kama kinga, na tena jioni miguu inapouma. Mwili uliokaukiwa na maji unategemea figo zifanye kazi ngumu, na dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Usizitumie kabla ya mbio, wakati wa mbio, wala usiku ule. Miguu ya aliyemaliza traiathloni lazima iume. Iache iume.

Kuna mambo matatu ya afya ambayo mtu wa ufuo wetu anapaswa kuyaondoa mezani kabla ya kulaumu mazoezi yake, na vitabu vya wageni haviyataji. La kwanza ni malaria. Siaya, Kisumu na Homa Bay ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi nchini, na mtu mzima aliyeizoea anaweza kuibeba akajisikia mchovu tu, bila homa kali. Kama ulijisikia mzito wiki ile ya mwisho, au ukipata homa ndani ya majuma mawili baada ya kurudi, pima damu. Usimeze dawa kwa kukisia, na usisubiri ukidhani ni uchovu wa mbio.

La pili ni kichocho. Kinachosumbua sana ufuo wetu ni kile cha tumboni, ambacho damu yake huonekana kwenye choo kikubwa, kwa hiyo asiyeona damu kwenye mkojo hujidanganya kuwa yuko salama. Minyoo hii huingia kupitia ngozi mtu akiwa majini, inatoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia karibu saa nne asubuhi. Kuogelea mapema na kuingilia majini kutoka kwenye mashua, mbali na majani, hupunguza hatari. Kujikausha kwa taulo si kinga ya kutegemea. Dawa yake ni prazikwanteli, lakini haiwaui vizuri minyoo wachanga. Ndiyo maana aliyeogelea mara moja huambiwa aimeze wiki sita hadi nane baadaye. Wewe unayeogelea ziwani mwaka mzima zungumza na mhudumu wa zahanati upange naye ratiba, kisha uiandike kwenye kalenda pamoja na tarehe za mashindano. Mwambie pia akupime wingi wa damu. Minyoo, malaria na, kwa wanawake, hedhi nzito hupunguza damu polepole, na mwenye damu pungufu huona kila mlima umerefuka.

La tatu ni seli mundu. Watu wengi wa ukanda huu wamerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu. Hawaumwi, na hata wanakingwa kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana urithi huo umeenea palipo na malaria. Ila katika joto kali, ukosefu wa maji na juhudi ya kupita kiasi, wachache wao miguu huwalegea ghafla. Mkakamao wa kawaida hukaza msuli ukawa mgumu kama jiwe na kumfanya mtu apige kelele. Huu wa seli mundu hulegeza, na anayeupata hudhani amechoka tu na kujilazimisha kuendelea. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, omba kipimo. Jibu likiwa ndiyo, halikufungii mchezo. Linakuambia uanze polepole, upumzike kati ya vipande vya kasi, na usimame mara tu miguu inapolegea. Linawaambia pia wanaosimamia mbio wakupeleke hospitali haraka.

Afya ikishawekwa sawa, siku ya tatu au ya nne chukua daftari. Siku ya kwanza hasira huandika uongo, na baada ya wiki mbili kumbukumbu hupambwa. Andika kwa kurudi nyuma, kutoka ulipoanguka hadi ulipoamka, na kwa kila nusu saa jiulize: nilikuwa ninapumua vipi, nilikula nini, nilikunywa kiasi gani, nilikuwa ninamfuata nani? Swali hilo la mwisho hufichua mengi. Ukifika mahali ambapo kwa mara ya kwanza ulifanya kitu usichowahi kukifanya mazoezini, simama hapo na upige mstari.

Kwa watu wa ziwani mstari huo mara nyingi huangukia majini, na hapo inafaa tukae kidogo.

Asubuhi pale Luanda Kotieno maji hutulia. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, alfajiri unakufa, na kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili mtu anaweza kuogelea kama yuko kwenye bwawa la hoteli. Jua likishapanda upepo hugeuka, unatoka ziwani na kuja nchi kavu, na mawimbi yanaanza. Karibu kila mtu hufanya mazoezi kwenye utulivu. Kisha siku ya shindano usajili unachelewa, mgeni wa heshima anahutubia, na filimbi inapigwa saa nne. Aliyeogelea miezi mitatu kwenye maji yaliyolala anakutana na wimbi mdomoni kila anapogeuza kichwa. Anameza maji, anainua kichwa juu, kiuno kinazama, na kuanzia hapo anavuta mwili wake kama gunia lililolowa hadi mwisho. Akitoka majini mapigo ya moyo yamepanda na mikono imekwisha. Hiyo ndiyo kilomita ya saba, ikiwa bado saa mbili mbele yake.

Basi mara moja kila wiki mbili ogelea alasiri, upepo ukiwapo. Usiende peke yako. Lipia mashua, na mwenye mashua avae jaketi la kuokolea, kwa maana wavuvi wengi wanaoishi juu ya maji haya hawajui kuogelea. Jifunze kuvutia pumzi upande ambao wimbi halitoki. Puliza hewa yote ndani ya maji ili kichwa kinapogeuka kiwe na kazi moja tu, ya kuvuta. Kila baada ya mikono minane hivi inua macho kidogo, kisha uyarudishe. Usitafute boya, kwa sababu boya hupotea nyuma ya wimbi. Tafuta kitu kirefu kilicho nyuma yake. Ukiwa unaelekea upande wa Mbita, milima ya Gembe inakutosha kabisa.

Usiingie majini gizani. Kiboko hutoka usiku kula majani na kurudi ziwani alfajiri, na hakuna mwanariadha wa kushindana naye kwenye njia yake. Waulize wavuvi asubuhi ile ile ameonekana wapi wiki hii, yeye na mamba. Wanajua, na hawamnyimi jibu anayeuliza kwa heshima. Kaa mbali na njia ya feri na nyavu zilizotegwa, na uwapishe watu wa omena wanaorudi. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, siku hiyo hakuna kuogelea: huo ni mwani wenye sumu, na Ghuba ya Winam huupata mara kwa mara. Magugu maji nayo yanaposukumwa na upepo hujaza ufuo kwa saa chache tu, kwa hiyo uwe na mahali pa pili pa kutokea.

Jambo la mwisho la majini ni la uhai. Vifo vingi vya ghafla katika mchezo huu hutokea kwenye kuogelea, watu wakikanyagana na moyo ukienda mbio. Ukisikia kifua kinabana, geuka, elea chali, inua mkono, usubiri mashua. Aliyefanya hivyo na kuondolewa kwenye shindano alifanya uamuzi bora kuliko wote wa siku ile, na yeyote anayemcheka hajui anachokicheka. Akapimwe moyo kabla ya kurudi majini.

Baiskeli nitaisemea kwa ufupi. Wengi wetu tunatumia baiskeli ya mtumba iliyonunuliwa Kisumu au Nairobi, na hilo si kikwazo kwa mtu wa ridhaa. Kikwazo ni kiti kilicho chini mno, kinachochosha mapaja, na tairi lililochakaa. Gwen Jorgensen wa Marekani alipata pancha kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 akamaliza wa 38. Miaka minne baadaye, Rio, alitwaa dhahabu. Pancha ni bahati mbaya, lakini kukaa kando ya barabara dakika ishirini ukihangaika nayo ni jambo la kujifunza nyumbani. Mwombe fundi wako akuonyeshe, kisha ubadilishe tyubu mwenyewe, tena na tena, hadi mikono iweze kufanya hivyo ikiwa na jasho na ikitetemeka. Beba tyubu mbili na pampu.

Kuhusu kasi, kipimo cha bei rahisi ni mdomo. Katika nusu ya kwanza ya baiskeli uweze kusema sentensi fupi kwa sauti. Ukishindwa kuisema, unakopa kutoka kwenye kukimbia. Anayekwenda Rubavu akumbuke kwamba Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, letu liko karibu mita 1,134, na kwamba Rwanda ni nchi ya milima. Aliyenyonga miezi mitatu kwenye barabara ya Ndori bila kwenda hata mara moja kutafuta mlima wa kweli upande wa Maseno asiulize kwa nini mapaja yalikataa.

Kushuka kwenye baiskeli na kukimbia kuna uzito wake ambao hakuna mtu anayeuamini hadi aupate. Fanya mazoezi yake kila wiki, hata kwa dakika kumi na tano tu: shuka, vaa viatu, kimbia polepole. Katika joto kilomita mbili za kwanza ziende polepole kuliko unavyotaka. Ukidhani wewe peke yako ndiye uliyedanganywa na mwili, mkumbuke Jonny Brownlee wa Uingereza pale Cozumel, Mexico, Septemba 2016. Alikuwa anaongoza, akiwa na mita mia chache tu za kumaliza, joto likamlegeza hadi akawa anayumba barabarani. Kaka yake Alistair alimshika mkono na kumkokota hadi kwenye mstari, huku Henri Schoeman wa Afrika Kusini akiwapita na kushinda. Jonny alikuwa na medali mbili za Olimpiki. Joto halikumuuliza.

Chakula na safari huenda pamoja. Kutoka Luanda Kotieno hadi Pwani au Rwanda ni siku nzima na zaidi ya kukaa kitini, na msafiri wa basi hujinyima maji ili asiombe kushuka njiani. Anafika miguu imevimba, mkojo umekolea, halafu kesho yake anashindana. Fika siku mbili kabla, au ukubali kwamba unakwenda kutalii. Siku ya mbio kula saa tatu kabla ya kuanza: uji wenye sukari, mkate, nduma au viazi vitamu, usile maharagwe wala chapati za mafuta. Ukiwa kwenye baiskeli mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya kawaida ina kama 25, hivyo ndizi mbili na chupa ya maji ya sukari na chumvi kidogo zinatosha. Jeli za kwenye mifuko usizijaribu siku ya shindano kwa sababu tu zimegawiwa bure. Na kama umezoea maji baridi ya ziwa letu, ujue maji ya bahari hukufanya uelee juu zaidi na huchubua ulimi na kwapa. Paka mafuta ya mgando, na uogelee baharini angalau mara moja kabla ya siku yenyewe.

Wapo wanaoniuliza kama ilikuwa haki kuacha mbio katikati, na hili huwaumiza kuliko kushindwa. Afrika Mashariki tumelelewa na picha ya John Stephen Akhwari wa Tanzania, Mexico City mwaka 1968, akiingia uwanjani goti limefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Namheshimu mno. Lakini watu husimulia siku ile wakaisahau iliyofuata: miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, mwanamume huyo alimaliza marathoni akiwa wa tano. Alijitunza akarudi. Na Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na 2020, aliacha mbio Paris mwaka 2024 baada ya kilomita 30 hivi, akiwa na maumivu. Aprili iliyofuata alikuwa London, akamaliza wa sita. Mmoja aliendelea na mwingine alisimama, na wote wawili walikimbia tena. Swali la kujiuliza unapoamua ni dogo: nikiendelea, nitaharibu kitu ambacho hakitapona? Ikiwa jibu ni ndiyo, au huwezi hata kulijibu kwa sababu umechanganyikiwa, keti chini.

Halafu kuna kurudi nyumbani. Mtu wa ridhaa wa kwetu mara nyingi hakusafiri kwa pesa zake peke yake. Kulikuwa na kikundi cha WhatsApp, mjomba alituma, kanisa lilitoa, wenye mashua walichanga. Anashuka Luanda Kotieno na mtu wa kwanza anamwita, "Omera, ulishika namba ngapi?" Wengine hukwepa njia ya gatini kwa majuma. Usikwepe. Siku mbili baada ya mbio tuma ujumbe mmoja kwenye kikundi kile: nilimaliza kwa muda huu, au niliishia hapa, kilichoharibika ni hiki, pesa zilitumika hivi, zimebaki hizi, asanteni. Waliochanga wanataka kujua kama uko mzima na kama uliwaheshimu. Namba uliyoshika hawataikumbuka baada ya mwezi, ila kimya chako watakikumbuka. Na kwa wazee wetu na dada zetu wanaopokea vijana hawa: mpeni chakula kwanza, maswali ya namba yatakuja baadaye.

Usijiandikishe kwenye shindano lingine ukiwa na hasira. Wiki ya kwanza tembea, ogelea kidogo, lala. Ya pili nyonga polepole. Kasi irudi wiki ya tatu, na kwa aliyemaliza ile ndefu, baadaye zaidi. Katika daftari lako utakuwa umepiga mistari mitatu au minne. Chagua mmoja tu wa kurekebisha kwanza, ule ulio mapema zaidi katika siku. Aliyeharibikiwa majini ashughulikie maji kwa wiki sita, na mengine ayaendeshe kawaida. Ukirekebisha yote kwa pamoja, hutajua ni lipi lililokusaidia.

Baada ya wiki hizo sita jipime pale pale. Chagua Jumamosi, uanze saa nne kama mashindano yanavyoanza, usisubiri maji yatulie. Ogelea kilomita moja na nusu ukienda sambamba na ufuo, mashua ikiwa kando yako, kisha nyonga kuelekea Ndori kilomita 20 na urudi, halafu kimbia kilomita tano tu. Kula na kunywa kile utakachokula na kunywa siku yenyewe. Jipime uzito kabla na baada. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji uliyoshindwa kurudisha. Mtu mmoja aandike nyakati na kuangalia uso wako unaposhuka kwenye baiskeli. Mwenye mashua mpe nusu ya malipo usiku wa kuamkia siku hiyo, mkubaliane ishara ya mkono, na umwonyeshe boya lako la mwisho liko wapi, kwa sababu feri ikitokea ni yeye atakayeiona kabla yako.